Kipimo cha homa ya ini B kimetoka chanya: kinachofuata, na kwa mpangilio upi

Wengi hupata habari hii bila kuitafuta. Mmoja amekwenda kuchangia damu, mwingine yuko kliniki ya wajawazito, mwingine anapimwa afya ili apate viza ya kazi Oman au Saudia, na karatasi inarudi na mstari mmoja: HBsAg (kipimo kinachotafuta protini ya kirusi B kwenye damu), POSITIVE au REACTIVE. Hapo ushauri huanza kumiminika. Kuna anayeambiwa arudi nyumbani kwa kuwa "haina dawa". Kuna anayeuziwa majani ya kusafisha ini. Kuna hata anayechomwa chanjo ya homa ya ini B siku hiyohiyo, ilhali chanjo haimsaidii kitu mtu ambaye kirusi kimeshaingia mwilini mwake.

Karatasi hiyo peke yake haisemi kama ini lako ni zima au limeharibika, wala kama unahitaji dawa. Inasema tu kwamba kirusi kimo. Mengine yote yanatakiwa kutafutwa, na yana mpangilio wake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina

"Homa ya ini" ni jina linalopotosha. Walio wengi wenye kirusi B hawapati homa yoyote; kinaweza kukaa ndani miaka 20 au 30 huku mtu akilima, akicheza mpira na kuzaa watoto. Tena si homa ya manjano. Ile huenezwa na mbu, na chanjo yake ndiyo inayoandikwa kwenye kadi ya njano ya wasafiri. Kadi hiyo haikukingi na homa ya ini hata kidogo, ingawa wapo wanaoionyesha kama ushahidi kwamba "nilishachanjwa ya ini".

Macho kuwa ya manjano nayo ni dalili tu. Huletwa na homa ya ini, na pia malaria kali, selimundu, mawe kwenye nyongo, pombe, au dawa, zikiwemo za kifua kikuu.

Virusi vyenyewe ni vitano. A na E huingia kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi. Huja kwa kishindo na wengi hupona bila dawa maalumu. Lakini E huua wajawazito hasa wa miezi mitatu ya mwisho, na mlipuko ulioanza Kitgum, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2007 uliugusa umati wa watu zaidi ya 10,000. B, C na D hupita kwenye damu na majimaji ya mwili, na ndivyo vinavyokaa mwilini kwa miaka. D hakiwezi kuishi peke yake. Humpata tu aliye na B.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuchanjwa, na usome kipimo sawasawa

Kipimo cha haraka cha HBsAg ni kitepe kinachodondoshewa damu au majimaji yake. Tazama herufi mbili: C na T. Mstari kwenye C lazima utokee. Usipotokea, kipimo ni kibovu, kirudiwe kwa kitepe kipya. Mstari kwenye T maana yake ni chanya, hata ukiwa hafifu kiasi cha kukulazimu uinamishe kitepe kwenye mwanga. Hakuna "chanya kidogo". Kosa la kawaida ni la muda: kitepe kisomwe ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye boksi lake, mara nyingi 15 hadi 20. Kilichosahaulika mezani saa nzima kinaweza kuonyesha mstari wa uongo.

Mitego mingine miwili. Ukipimwa siku chache baada ya kuchomwa chanjo, HBsAg inaweza kuonekana kwa sababu chanjo yenyewe imetengenezwa kwa protini hiyohiyo. Subiri wiki nne. Na ukipimwa mapema mno baada ya kuambukizwa, kipimo hukosa kitu: kwa wastani HBsAg huonekana baada ya wiki nne, mara nyingine hadi tisa.

Maabara ikiweza, omba vipimo vitatu kwa pamoja: HBsAg, anti-HBs (kingamwili inayokukinga) na anti-HBc (alama ya kuwahi kuambukizwa). Vinasomwa hivi:

Vyote vitatu hasi: hujawahi kuambukizwa wala huna kinga. Chanjwa.

Anti-HBs peke yake chanya: una kinga ya chanjo. Kiwango cha 10 au zaidi ndicho kinachohesabiwa kuwa kinga.

Anti-HBs na anti-HBc chanya, HBsAg hasi: uliwahi kuambukizwa na mwili ukashinda. Huhitaji dawa wala chanjo. Lakini mabaki ya kirusi hubaki yamejificha ndani ya ini, kwa hiyo siku utakayoandikiwa dawa za saratani au dawa kali za kushusha kinga, mwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza. Kirusi kilicholala huamka.

HBsAg chanya: kirusi kimo sasa hivi. Endelea na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Je, ni kipya au cha siku nyingi?

Jibu linategemea sana umri ulioambukizwa. Kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takribani 9 hubaki nacho maisha yote. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kinyume: zaidi ya asilimia 95 hukifukuza wenyewe. Ndiyo maana wengi wanaokutwa nacho ukubwani hawakukipata juzi, na kuanza kumhoji mwenzi wako "umetoa wapi" mara nyingi ni kumwonea. Huenda ulikipata kwa mama siku ya kwanza duniani, au ulikipata ukiwa mtoto mdogo kwa wembe wa chale.

HBsAg ikibaki chanya kwa zaidi ya miezi 6, huo ni ugonjwa sugu. Kwa hiyo kipimo hurudiwa baada ya miezi 6. Lakini usikae nyumbani miezi 6 ukisubiri. Vipimo vya hatua inayofuata vifanyike sasa.

Hatua ya 3: Chunguza ini lenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapoachwa njiani. Vinavyohitajika ni hivi: ALT na AST (vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu ini likiumia), bilirubini, albumini, picha kamili ya damu (tunachokitaka zaidi humo ni chembe sahani, zile za kugandisha damu), kreatinini ya figo, kipimo cha VVU, kipimo cha homa ya ini C, altrasaundi ya tumbo, na kama kinapatikana, wingi wa virusi B kwenye damu (HBV DNA). Penye kipimo cha kirusi D, nacho kifanyike. Hospitali nyingi za wilaya zinaweza kufanya karibu vyote isipokuwa wingi wa virusi na D.

ALT hudanganya kwa njia mbili. Fomu nyingi za maabara huandika kwamba kawaida ni hadi 40 au zaidi, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaweka ukomo wa 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Mwanamke mwenye ALT ya 34 ataambiwa yuko sawa, na hayuko sawa. Pili, ALT hupanda na kushuka. Ikiwa nzuri leo haimaanishi mwaka mzima imekuwa nzuri. Na ini lililokwisha sinyaa linaweza kutoa ALT ya chini kabisa kwa sababu seli za kuumia zimebaki chache.

Ndiyo maana kuna hesabu ndogo iitwayo APRI, inayokisia makovu kwenye ini bila kulitoboa. Unahitaji namba tatu tu:

APRI = (AST yako ÷ ukomo wa juu wa AST wa maabara) × 100 ÷ chembe sahani

Chukua mtu mwenye AST 72, maabara yake inaweka ukomo wa 40, chembe sahani 120. 72 ÷ 40 ni 1.8. Zidisha kwa 100, unapata 180. Gawanya kwa 120, jibu ni 1.5. Mwenzake ana AST 28 na chembe sahani 250: 28 ÷ 40 ni 0.7, mara 100 ni 70, gawanya kwa 250 ni 0.28.

Zaidi ya 0.5 ni dalili ya makovu yanayohitaji dawa. Zaidi ya 1, ini huenda limeshaanza kusinyaa, yaani sirosisi. Kwa hiyo yule wa kwanza anahitaji daktari wiki hii, wa pili anaendelea na vipimo vingine bila hofu.

Angalia namna chembe sahani zilivyoandikwa. Maabara nyingine huandika 120, nyingine 120,000. Ukiingiza ile ndefu utapata sifuri nukta kitu na kujidanganya kuwa mzima. Ondoa sifuri tatu. Wala usipige hesabu hii ukiwa na malaria au dengi, kwa sababu magonjwa hayo hushusha chembe sahani na kupandisha AST hata kama ini halina kovu hata moja. Subiri upone, urudie.

Kifaa kinachopima ugumu wa ini kwa mtikisiko, kinachopatikana kwenye baadhi ya hospitali kubwa, kina ukomo wake: zaidi ya 7 kPa ni makovu, zaidi ya 12.5 ni sirosisi. Usile kwa saa tatu kabla ya kipimo hicho. Chakula hupandisha namba.

Hatua ya 4: Nani anaanza dawa

Kwa mujibu wa mwongozo huo wa 2024, mtu wa miaka 12 na kuendelea anaanzishiwa dawa akiwa na mojawapo ya haya: makovu (APRI zaidi ya 0.5 au ugumu zaidi ya 7 kPa), au virusi zaidi ya IU 2,000 kwa mililita pamoja na ALT iliyopita ukomo, au ana VVU, kirusi C au D, au ndugu wa damu alikuwa na saratani ya ini au sirosisi, au ana kisukari, ini lenye mafuta au kinga iliyoshuka. Pasipo na kipimo cha wingi wa virusi, ALT inayobaki juu kila ikipimwa inatosha.

Dawa yenyewe si ngeni: tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku, au entecavir miligramu 0.5. Haikifuti kirusi kwa walio wengi. Inakizuia kuzaliana, na ini hupata nafasi ya kujirekebisha. Hata makovu hupungua. Kwa hiyo ni dawa ya miaka mingi, mara nyingi ya maisha.

Mambo matatu ya kushika hapa. Usiache ghafla kwa sababu unajisikia vizuri: kirusi hurudi kwa nguvu, na ini linaweza kufeli ndani ya wiki chache. Usianze tenofovir peke yake kabla hujapimwa VVU, kwa kuwa kama unavyo, dawa moja itavifundisha kuwa sugu. Anayetumia ARV zenye tenofovir tayari anatibiwa yote mawili, na akibadilishiwa ARV aulize kama tenofovir imebaki ndani. Na figo zipimwe kabla ya kuanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka.

Ukiambiwa huhitaji dawa kwa sasa, neno "kwa sasa" ndilo zito. Rudi kila miezi 6 hadi 12 kwa ALT, AST na chembe sahani. Mwenye sirosisi au mwenye ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini afanyiwe altrasaundi kila miezi 6, awe anatumia dawa au hatumii. Saratani ya ini ikigunduliwa ikiwa na sentimita mbili inakatika. Ikisubiriwa hadi iume, kwa kawaida imechelewa.

Hatua ya 5: Watu wa nyumbani

Mwenzi, watoto, wazazi na ndugu wa tumbo moja wapimwe wote. Wasio nacho wachanjwe. Mpaka mwenzi amalize chanjo, tumieni kondomu.

Kula sahani moja, kunywa kikombe kimoja, kukumbatiana, kukohoa, choo cha pamoja: havienezi kirusi B. Kumtengea mtu kijiko chake ni kumdhalilisha bure. Vya kutenga ni wembe, mswaki, kikata kucha, mashine ya kunyolea, sindano, na pini za kutogea masikio. Kirusi hiki huishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 hata zaidi, jambo ambalo VVU hakiwezi. Kwa kinyozi, kupitisha spiriti juu juu na kuwasha kiberiti si usafi. Nenda na mashine yako, au mwombe afungue wembe mpya mbele yako. Kwa chale na tohara ni hivyohivyo: wembe mmoja, mtu mmoja.

Damu ikimwagika sakafuni: vaa glovu, ifunike kwa kitambaa, mwagia dawa ya klorini ya asilimia 0.5, acha dakika 10, kisha futa na uoshe. Kupata asilimia 0.5, soma kiwango kwenye chupa ya JIK, gawanya kwa 0.5, toa moja. Jibu ni idadi ya vikombe vya maji kwa kikombe kimoja cha dawa. Chupa ya asilimia 3.5 ni 7 toa 1, yaani vikombe 6 vya maji. Changanya ya siku hiyo tu, kwa kuwa nguvu hupotea, na usiitie kwenye sabuni ya asidi ya choo.

Aliyechomwa na sindano yenye damu aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, kisha awahi hospitali: kama hana kinga, chanjo ianze ndani ya saa 24.

Hatua ya 6: Mama mjamzito

Chanjo ya pentavalenti (chanjo tano katika sindano moja) hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na ndani yake mna homa ya ini B. Tatizo ni zile wiki sita za mwanzo. Mtoto wa mama mwenye kirusi anaambukizwa wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo anahitaji dozi ya chanjo ya B pekee ndani ya saa 24, halafu pentavalenti zake kama kawaida. Vituo vingi havikai na dozi hiyo. Uliza mimba ikiwa ya miezi saba, si ukiwa leba. Kama haipo, ulizia hospitali ya mkoa au duka la dawa lenye friji ya chanjo, na upange itakavyofika.

Mama mwenye virusi IU 200,000 kwa mililita au zaidi, au mwenye HBeAg chanya (protini inayoonyesha kirusi kinazaliana kwa kasi), hupewa tenofovir kuanzia miezi mitatu ya kati hadi angalau kujifungua. Pasipo na vipimo hivyo, mwongozo unaruhusu kumpa kila mjamzito mwenye HBsAg. Kunyonyesha kunaruhusiwa. Mtoto apimwe HBsAg na anti-HBs akifikisha miezi 9 au zaidi. Kabla ya hapo majibu huchanganya.

Chanjo ya mtu mzima

Dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ya kwanza. Inachomwa kwenye msuli wa bega. Tako hapana: dawa huishia kwenye mafuta na kinga huja dhaifu. Ukikosa dozi, endelea ulipoishia. Huhitaji kuanza upya. Chanjo hii hukaa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imekufa, hata kama imeyeyuka na kuonekana kama kawaida. Ukiona chupa imetolewa pembeni mwa barafu ndani ya kisanduku, una haki ya kuuliza. Wahudumu wa afya wapime anti-HBs mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho.

Kuhusu C hakuna chanjo, lakini kuna tiba kamili. Kipimo cha kingamwili kikiwa chanya, lazima kifuatwe na kipimo cha RNA, kinachotafuta kirusi chenyewe, kwa kuwa baadhi ya watu walishajiponya. RNA ikiwepo, sofosbuvir 400 na daclatasvir 60 kwa wiki 12 huponya zaidi ya asilimia 90. Kabla ya kuanza, HBsAg ipimwe. Tiba ya C inaweza kukiamsha B.

Yanayoongeza mzigo kwenye ini

Mwenye kirusi B aache pombe kabisa, iwe bia au gongo. Parasetamoli si adui, ila vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku ndio mwisho kwa mtu mzima mwenye afya, na 4 kwa mwenye sirosisi. Diklofenaki na ibuprofen mwenye sirosisi aziache. Majani ya "kusafisha ini" ndiyo yanayowaleta wengine hospitalini wakiwa manjano kuliko walivyokuwa.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, hutajwa kidogo kuliko inavyostahili. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 iliwagusa watu 317 na kuua 125 kwa mahindi yaliyovunda, na hata kwa kiasi kidogo cha kila siku, ikikutana na kirusi B uwezekano wa saratani ya ini huongezeka mara nyingi. Kupika hakuiondoi. Kausha mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Pasipo na kipimo, tia punje kiasi cha robo chupa kavu ya kioo pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu, acha kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani. Ikibaki inateleza, yamekaribia, nayo yaongezewe siku moja. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zichaguliwe na kutupwa, wala asipewe kuku.

Kando ya Ziwa Victoria, anayetapika damu huku vipimo vya ini vikiwa karibu na kawaida aangaliwe pia kichocho cha tumbo.

Usisubiri kliniki ukiona haya

Macho ya manjano pamoja na usingizi usio wa kawaida au maneno yasiyoeleweka. Kutapika damu. Choo cheusi kama lami. Tumbo kujaa maji, hasa likiuma au likiwa na homa. Mkojo wa rangi ya chai na kinyesi cheupe kama chokaa navyo vipelekwe siku hiyohiyo.

Nenda na karatasi zote za vipimo vya zamani, hata zilizochakaa, kwa kuwa daktari atataka kulinganisha ALT ya leo na ya mwaka jana. Beba na kila dawa uliyotumia mwezi huu, pamoja na pakiti au chupa ya majani kama uliyanywa. Usiifiche kwa aibu. Mara nyingine jibu liko ndani ya chupa hiyo.